Kompyuta ndogo kwenye joto la Kisumu: kupanga kasha na kipoza kabla hujatoa pesa

Kabla hujatazama picha ya kasha lolote (sanduku linalobeba vifaa vyote vya kompyuta), nunua kipimajoto cha ukutani. Kitundike pale utakapoiweka kompyuta, usawa wa meza, na ukisome saa nane mchana kwa wiki nzima. Nyumba nyingi za Kondele, Nyalenda na Manyatta zimeezekwa mabati bila dari ya maana, na chumba hufika nyuzi 31 kabla hujabonyeza swichi. Namba hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa kasha lako, aina ya kipoza (kifaa cha kupoza prosesa) na hata kadi ya michoro utakayoimudu. Nimeona vijana wakimaliza akiba ya mwaka mzima kwa kasha la lita saba kwa sababu kuna mtu ng'ambo alilisifu, naye alilipimia katika chumba cha nyuzi 21. Zile nyuzi kumi za tofauti hazipotei njiani. Zinajumlishwa moja kwa moja kwenye joto la prosesa yako, ile chipu kuu inayoendesha kompyuta.

Kipoza, kiwe cha hewa au cha maji, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kazi yake ni kupunguza pengo lililopo kati ya prosesa na hewa inayoizunguka. Kwa hiyo jizoeze kufikiri kwa pengo: prosesa ikiwa nyuzi 82 na chumba nyuzi 30, pengo ni 52. Ukisoma majaribio ya watu wengine, tafuta pengo lao, kisha ulijumlishe na chumba chako. Asiyetaja joto la chumba chake hajakuambia kitu.

Mwinuko nao una hesabu yake

Jambo hili husahaulika sana, ilhali sisi wa magharibi na wa Bonde la Ufa tunaishi juu. Kisumu iko takriban mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, Nakuru karibu mita 1,850. Kwa joto lile lile, hewa ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 12 hivi, na ya Nakuru kwa asilimia 20 hivi. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile husukuma ujazo ule ule, ila ndani ya ujazo huo mna hewa kidogo zaidi ya kubeba joto.

Tuseme kompyuta yako inatoa wati 250 za joto, na feni zake zinapitisha mita za ujazo 68 kwa saa. Mombasa, hewa itatoka ikiwa na joto zaidi ya ilivyoingia kwa nyuzi 11 na kidogo. Kisumu itazidi kwa karibu nyuzi 13, Nakuru kwa karibu nyuzi 14. Hata hivyo mtu wa Nakuru bado ana nafuu: mchana wake ukiwa nyuzi 25, hewa inatoka kwenye kasha ikiwa karibu 39, wakati ya Kisumu iliyoingia na nyuzi 30 inatoka ikiwa karibu 43. Asichopaswa kufanya wa Nakuru ni kudhani ubaridi wa asubuhi utamfanyia kazi yote. Huko aongeze upana wa njia ya hewa, maana kila feni inabeba kidogo.

Hesabu wati, usihesabu nguvu za mchezo

Chukua karatasi uandike wati za prosesa na za kadi ya michoro, na uandike za kweli. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini ikiachwa na mipangilio ya kiwandani huruhusiwa kufika 88. Core i5-12400 nayo imeandikwa 65, na inaweza kupanda hadi 117. Kwa kadi, RTX 4060 hula wati 115, RTX 3060 wati 170, RTX 4070 wati 200.

Msimamo wangu, baada ya kuunganisha mashine hizi katika vyumba visivyo na kiyoyozi: kwa Kisumu, kasha lililo chini ya lita 11 lisibebeshwe zaidi ya wati 250 kwa prosesa na kadi pamoja. Ukitaka 300 au zaidi, nenda kwenye kasha la lita 15 hadi 18. Si sheria ya kiwanda, lakini ndiyo mpaka ambao kila nilipouvuka nililazimika kurudi na bisibisi.

Kama mashine ni ya kazi za ofisi, shule na kuhariri picha, huenda huhitaji kadi kabisa. Ryzen 5 5600G ina michoro yake ndani, na hapo hata kasha dogo kama kamusi linatosha. Wengine hununua zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyembamba zilizokwisha kutumika maofisini. Ni mashine nzuri, ila nyingi zina pawa saplai na bodi (ubao mkuu ambao vifaa vyote huchomekwa) za umbo lao wenyewe, kwa hiyo usizinunue ukitumaini kuzikuza baadaye. Kadi utakayoiweka humo ni fupi, ya wati 75 au chini, inayopata umeme wake wote kwenye tundu la bodi.

Mpangilio: nani anavuta hewa wapi

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa sababu kipoza unaweza kukibadilisha mwezi ujao lakini mpangilio wa kasha umeununua mzima. Bodi ya Mini-ITX, aina ndogo inayotumiwa kwenye makasha haya, ni mraba wa milimita 170 kwa 170 popote duniani. Kinachotofautiana ni mahali kadi inapolala ukilinganisha na bodi hiyo.

Mpangilio wa kawaida ni ule ambao kadi huchomekwa moja kwa moja kwenye bodi na kulala chini yake. Cooler Master NR200, lenye lita 18 hivi, ndilo mfano unaojulikana zaidi. Kadi huvuta hewa kutoka sakafu ya kasha, na kipoza kirefu cha mnara, hadi karibu milimita 155, huingia bila shida. Ubaya wake ni kwamba joto la kadi hupanda na kumkuta prosesa njiani. Dawa ni feni mbili sakafuni zikivuta ndani, na moja au mbili juu zikitoa nje. Miguu ya kasha iwe mirefu. Kama ni mifupi, nunua vile viatu vya mpira wanavyouza madukani kwa ajili ya majokofu, uiinue sentimita mbili tatu. Na usiliweke kasha hili juu ya zulia wala kitambaa cha meza, hata kama Mama amekishona kwa mkono wake na angependa kionekane.

Mpangilio wa pili huitwa wa mkate: bodi upande mmoja, kadi upande wa pili, ukuta wa chuma katikati, na kebo bapa ikiziunganisha. Dan A4-SFX yenye lita 7.2 ndiyo iliyoupa umaarufu, na Fractal Terra ya lita 10.4 ni ndugu yake wa kisasa. Uzuri wake ni kwamba kila kimoja kinapumua kwa pua yake. Hewa ya kadi haipitii kwa prosesa kwanza. Lakini nafasi ni ya kugawana. Kwenye Terra ule ukuta wa katikati husogezwa: ukiwa na kadi nene ya milimita 72, kipoza cha prosesa kinabaki na milimita 48 tu, kadi ikiwa nyembamba ya 43, kipoza kinapata 77. Hakuna namna ya kupata vyote viwili. Pia pande zote mbili lazima ziwe wazi. Kasha la namna hii ukilisukuma kwenye kabati la televisheni, ubavu mmoja ukigusa mbao, umeliziba pua.

Wa tatu husimama wima kama bomba la moshi, kadi ikiwa wima na hewa moto ikitokea juu. Unakula nafasi ndogo mezani na unafuata tabia ya joto yenyewe ya kupanda. Nauona kuwa chaguo zuri kwa vyumba vyetu, mradi mtu asiweke kitu juu yake. Wa nne ni ule mwembamba wa kulala pembeni ya televisheni, na kwa Kisumu nautilia shaka: kadi yake hukaa karibu sana na hewa yake moto yenyewe.

Ukiniuliza chaguo moja kwa mtu wa Kisumu asiye na kiyoyozi, nitasema mpangilio wa kawaida, lita 15 hadi 18, wavu pande zote. Paneli ya kioo iache dukani. Kama lilikuja na kioo na paneli ya wavu zote mbili, funga ya wavu.

Tahadhari moja kuhusu ile kebo bapa. Kadi ya PCIe 4.0 (kizazi cha 4 cha njia inayounganisha kadi na bodi) ikipita kwenye kebo ya kizazi cha 3, skrini inaweza kubaki nyeusi, ukaanza kulaumu kadi. Ingia BIOS kwanza (mipangilio ya bodi inayofunguliwa wakati wa kuwasha), bila kadi ikibidi, uweke tundu la kadi lifanye kazi kwa kizazi cha 3. Kasi inayopotea ni ndogo.

Kata boksi kabla ya kuagiza

Vifaa vingi hutoka Nairobi, Luthuli Avenue na mitaa ya karibu, vikaja kwa basi kama vifurushi. Kurudisha kitu kilichokosa kuingia ni nauli mara mbili na wiki moja ya kusubiri. Kwa hiyo chukua boksi la karatasi ngumu, kata vipande kwa vipimo halisi, uvipange mezani kama vitakavyokaa.

Pawa saplai ya SFX, umbo dogo la makasha haya, ni milimita 125 kwa 63.5 kwa 100. Ya SFX-L ni hiyo hiyo ila urefu ni 130, na hizo 30 za ziada mara nyingi ndizo zinazokosa mahali. Tundu moja la kadi ni milimita 20 na kidogo, kwa hiyo kadi ya "matundu mawili na nusu" inakaribia 50. Feni ya kawaida ni nene milimita 25, nyembamba ni 15. Kisha ongeza kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi: waya wa umeme wa kadi unapojikunja unataka milimita 25 hadi 35 juu ya ukingo wa kadi. Usiulazimishe kujikunja pale pale kwenye tundu. Paneli isiyofunga kwa sababu ya waya ni kosa nililolifanya mwenyewe, na nililipa kwa kununua kadi nyingine.

Kipoza cha prosesa

Urefu unaoruhusiwa na kasha ndio unaoanza kuchagua kwa niaba yako. Milimita 37 zinakupa Noctua NH-L9, inayofaa prosesa ya wati 65 iliyofungwa isizidi hapo. Milimita 47 zinakupa Thermalright AXP90-X47, ambayo kwa Kisumu naihesabu kuwa mwanzo wa usalama. Milimita 70 zinakupa NH-L12S yenye feni ya milimita 120. Ukiwa na 155, weka mnara na usihangaike tena.

Kuhusu maji: rejeta ya 240 (bamba la kupoza maji lenye feni mbili za milimita 120) ina unene wa milimita 27 hivi, feni zikiongeza 25, jumla 52. Ikiwa kasha lina nafasi hiyo na prosesa ni ya wati nyingi, itafanya kazi vizuri. Hakikisha pampu si sehemu ya juu kabisa ya mzunguko, kwa maana hewa iliyobaki ndani hupanda, na ikikaa kwenye pampu utaisikia ikikoroma na haitadumu. Mimi bado nachagua hewa. Feni ya 120 ikifa Jumamosi jioni unaweza kuipata mjini au kuazima ya rafiki, lakini pampu ikifa, mashine inalala mpaka kifurushi kifike.

Vipoza vifupi hupuliza kuelekea bodi, vikivuta hewa kupitia paneli ya ubavuni. Pima pengo kati ya feni na paneli. Likiwa milimita 5 au chini, liache. Likiwa 10 au 20, feni itaanza kunywa hewa moto iliyokwisha pita kwenye kipoza badala ya hewa ya nje. Nenda kwa wauza magodoro, omba kipande cha sponji ngumu, kata pete inayozunguka feni hadi igusane na paneli. Ni kazi ya dakika 20 na gharama yake ni karibu bure, na mara nyingi inaleta nafuu kuliko kubadilisha feni. Sponji isiguse mapezi ya chuma wala mabawa ya feni.

Pawa saplai, feni yake itazame tundu la nje. Soma maandishi yake: kuna zinazohakikishiwa wati zake zote kwa nyuzi 40, na nyingine kwa 50. Chukua ya 50. Na diski ya SSD inayobeba mfumo iweke mbele ya bodi chini ya bamba lake la chuma. Tundu la nyuma ya bodi, hasa kwenye mpangilio wa mkate, ni tanuri. Libakize kwa faili zisizoguswa kila saa.

Vumbi la Nakuru, wadudu wa ziwani

Husemwa kwamba jina la Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyewahi kufanya usafi huko mwezi wa Februari hahitaji kushawishiwa. Ni vumbi laini linalopita kwenye wavu mpana na kukaa katikati ya mapezi kama unga. Huko pangilia feni ili zinazoingiza zizidi kidogo zinazotoa. Hewa itapenya nje kwenye nyufa badala ya kuingia nazo. Tia kichujio cha nailoni laini mahali pa kuingilia tu. Wakati wa kiangazi kitoe kila baada ya wiki mbili, kioshe, kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Pale pa kutokea hewa usiweke kichujio chochote.

Kisumu shida ni nyingine. Wadudu wa ziwani huja kwa mawingu, na hufuata mwanga. Kompyuta yenye feni za taa za rangi, karibu na dirisha lililo wazi usiku, upande wa Dunga au popote ufukweni, ni kama kuwawashia taa na kuwakaribisha. Nimefungua mashine nikakuta kichujio kimefunikwa kwa miili yao kama blanketi. Zima taa hizo usiku, au nunua feni zisizo na taa. Mende nao hupenda joto la pawa saplai, kwa hiyo matundu ya nyuma yasiyotumika yazibe kwa vibati vyake.

Usitumie neti ya kitandani iliyokunjwa mara mbili kama kichujio. Inazuia wadudu, lakini inazuia na hewa.

Punguza wati kabla ya kuongeza feni

Hatua hii haina gharama, nami huifanya kwa kila mashine. Kwa Ryzen za karibuni, ingia BIOS utafute Eco Mode, mpangilio wa kupunguza wati; ile 7600 ikishushwa kwenye daraja la wati 45 itafungwa kwenye wati 61 badala ya 88. Kisha jaribu Curve Optimizer (mpangilio wa kushusha volti za prosesa) kwenye hasi 15, ufanye kazi nayo siku kadhaa. Mashine ikijizima au programu zikianguka, rudi hasi 10. Kwa kadi, MSI Afterburner ina kidhibiti cha umeme: kiweke asilimia 80. Katika michezo mingi utapoteza picha chache kwa sekunde, lakini joto la wati 20 au 40 limeondoka ndani ya kasha lililokuwa na lita kumi tu za kulihifadhi.

Jaribu saa nane mchana, paneli zikiwa zimefungwa

Jaribio la usiku halina maana. Subiri mchana, funga kila skrubu, washa HWiNFO (programu ya kusoma joto), na uitwishe mashine mzigo kwa dakika 30: Cinebench, programu ya kupima prosesa, ikirudiarudia, halafu mchezo mzito unaoucheza kweli. Andika joto la chumba, la prosesa, la kadi, na pengo.

Kisha ondoa paneli moja bila kuzima mzigo, usubiri dakika 10. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, tatizo ni njia ya hewa: paneli, sponji, mwelekeo wa feni. Likibaki palepale, tatizo ni kipoza chenyewe au pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) iliyopakwa vibaya, na kuongeza feni hakutasaidia kitu.

Kuona hewa inakopita, washa kijiti cha udi, ukishike sentimita chache nje ya kila tundu. Moshi uvutwe pale unapodhani hewa inaingia, na usukumwe pale unapodhani inatoka. Ukiona moshi uliosukumwa nje kwa juu unajikunja na kurudi ndani kwa ubavuni, mashine inakula joto lake. Isogeze mbali na ukuta angalau sentimita 10. Na UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) isikae mbele ya tundu la kuingizia hewa, kwa kuwa nayo hutoa joto. Fanya hivi kwa dakika moja tu, udi una mafuta.

Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeruhusiwa kufika nyuzi 95, na 7800X3D nyuzi 89. Kuigusa mipaka hiyo hakuziunguzi, lakini mashine inayoishi hapo mchana kutwa haina akiba kwa siku ya nyuzi 34. Mimi hutaka nyuzi 10 chini ya mpaka, kadi ikiwa chini ya 80.

Karatasi ya vipimo ibandike ndani ya paneli. Baada ya miezi mitatu rudia jaribio lile lile, saa ile ile. Pengo likiwa limeongezeka kwa nyuzi 5, zima, chomoa waya, toa vichujio na upulize mapezi, ukishikilia mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke.